Mkwe Wangu Honi na Asubuhi ya Sauti Tano

Nilimkataa mara mbili kabla ya kumkubali, na sababu ilikuwa sauti yake. Alipokuja kuposa, waliomleta waliketi sebuleni wakazungumza taratibu kama watu wenye adabu zao. Yeye akasema shikamoo tu, na vikombe vyangu kabatini vikagongana. Nikamwambia binti yangu, huyu kitindamimba, kwamba mimi uzeeni nataka mkwe wa kunishika mkono, si wa kunizibua masikio. Akanijibu kwamba mume si redio, hapunguzwi sauti. Mara ya tatu nikachoka kubishana na mtoto niliyemzaa mbishi mwenyewe. Nikakubali, ila nikaweka sharti: akija kwangu anisalimie akiwa bado uani.

Namwandika leo kwa sababu mtaani watu wanasimulia kisa chake vipande vipande, na kila mmoja anachukua kile kipande kinachomchekesha. Mimi nilikuwepo, benchi la kwanza. Kusoma na kuandika nimejifunza nikiwa tayari na wajukuu, kwa hiyo anayetaka maneno makubwa akamtafute mwalimu.

Watu walimwita Honi. Ujanani aliuza nguo za mitumba sokoni akisimama juu ya meza, na wewe ukiwa jikoni kwako mtaa wa pili ulijua leo zimeingia suruali au mapazia. Kliniki yetu ikamchukua akawe karani wa kadi. Hawakumchukua kwa mwandiko, maana mwandiko wake ni kama kuku kapita. Walimchukua kwa sababu mabenchi ya wagonjwa yanaanzia dirishani pa karani hadi karibu na geti, na karani aliyekuwepo sauti yake ilikuwa inafia benchi la tatu. Honi alikaa dirishani pale miaka ishirini na miwili.

Alikuwa na mtindo wake. Kliniki kwetu mtu huitwa kwa namba ya kadi na sifa yake, kwa kuwa namba wagonjwa huzisahau: namba sitini, mwalimu wa hesabu, namba kumi na mbili, mpiga picha. Na Honi hakuita mmoja mmoja. Aliita watano kwa pumzi moja, ili watano wakakae kwenye benchi dogo la mlangoni kwa daktari, na daktari asingoje mtu hata dakika. Karani mmoja wa zahanati ya jirani alikuja kujifunza mtindo huo, pumzi ikamkatika, akaishia kupewa maji.

Tena kadi za zamani zilikuwa za karatasi ngumu, juu zina mstari mmoja tu wa kumtambulisha mtu. Honi aliandika hapo namba na sifa, kisha kwenye mstari huohuo akaongeza maneno yake mwenyewe ya kujikumbusha. Kompyuta ilipoletwa alizinakili zote kama zilivyo. Kaandika nini, hakuna aliyejua. Daktari hupelekewa faili, na kadi hubaki kwa karani.

Mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza. Tulidhani mafua. Ikakwaruza wiki, ikakwaruza mwezi, halafu asubuhi moja akafungua mdomo dirishani na kikatoka kitu kama mlango wa kabati. Mtaalamu wa koo alimwangalia kwa kioo akamwambia ana vinundu, na akipaza sauti tena atabaki bubu moja kwa moja. Anaruhusiwa kusema kidogo tu, tena na mtu aliye karibu. Alipokuja kunieleza alinisalimia uani kama kawaida yake, na sikumsikia. Ikabidi nitoke nje nimfuate. Nilidhani siku hiyo ikifika nitashukuru, lakini nilirudi ndani sina hamu hata ya chai.

Daktari mkuu wa kliniki ni mwanamke mwenye haki, lakini hana mzaha. Alimwita Honi ofisini akamwambia maneno ambayo binti yangu amenisimulia mara nyingi hadi nimeyashika:

"Dirisha lisiloita watu ni ukuta. Nakupa wiki mbili. Ijumaa ya pili nisipoona njia ya kuita wagonjwa, unakwenda stoo ya mashuka, na dirishani nitaweka mtu mwingine."

Ile stoo mimi naijua. Iko chini ya ngazi, haina dirisha, na mlango wake ukifunguka huna pa kusimama. Mtu aliyezoea kuonana na watu mia moja na themanini kwa siku, ukimweka na mashuka ni sawa na kumzika na mshahara wake.

Masista wakashauri ubao wa namba. Nikasema mimi kwamba sisi wa presha na macho tutauona huo ubao kama ukuta mwingine. Wakashauri kengele. Kengele ikilia atasimama nani? Watasimama wote.

Ndipo Honi akaja kwangu mchana mmoja na kompyuta ndogo ya binti yangu, akaifungua mezani. Kompyuta anaijua. Miaka ya nyuma kliniki ilitakiwa kupeleka mtu mafunzoni miezi mitatu, masista wote wakakwepa, akapelekwa yeye. Akanionyesha skrini nyeusi tii. Nikamwambia imezimika. Akatikisa kichwa, akaandika mstari mrefu, akabonyeza, na sauti ya mwanamke aliyeziba pua ikasema, "Mama, habari za mchana."

Sikuitikia. Mimi sisalimiani na mtu asiyeonyesha uso.

Akanieleza kwa ile sauti yake ya chini, binti yangu akimalizia maneno yanapokatika. Humo kwenye ile nyeusi kuna programu zisizo na picha wala vitufe. Kila moja ina kazi yake moja. Hii kazi yake kusema. Unaandika jina lake, unaandika lugha, unaandika mwendo, kisha maneno unayotaka yasemwe, unaiamuru. Ukikosea hata kidogo inakujibu mstari wa lawama na kunyamaza. Sasa mgonjwa mmoja mmoja, dirishani, watu wamekusimamia, huwezi kuandika utenzi huo mara mia moja na themanini.

Kwa hiyo akatengeneza programu yake mwenyewe, hii ikiwa na sura: orodha ya kadi, na pembeni kitufe kimoja kimeandikwa ITA. Nikasema basi imekuwa rahisi, kitufe kinasema. Wakacheka wote wawili, mke na mume. Kitufe hakijui kusema hata neno. Ukikibonyeza, programu yake huchukua ule mstari wa kadi, huandika yenyewe ule utenzi mrefu, na kumkabidhi yule mwanamke wa kwenye giza akaseme. Programu inaituma programu.

Kumbe ni kutuma tu. Kutuma nani asiyekujua?

Lakini kutuma kwenyewe kulikuwa na ubaya. Mara ya kwanza, programu yake ikishatuma ilisimama kungoja aliyetumwa arudi. Yule mwanamke akisema kwa nusu dakika, kwa nusu dakika nzima skrini imeganda. Honi hapandi, hashuki, hafungui kadi nyingine. Tena mwendo aliupunguza kwa ajili yetu sisi wazee, kwa hiyo ngoja yake ilikuwa ngoja kweli. Binti yangu akamwambia kliniki watamrushia viatu.

Siku mbili akahangaika. Siku ya tatu akaja anatabasamu hadi masikioni. Ameiambia programu yake isingoje. Itume, igeuke, iendelee na kazi nyingine. Akabonyeza ITA, sauti ikaanza kusema, na huku yeye anapandisha na kushusha orodha kama mtu anayecheza ngoma. Akacheka kimya, mabega tu yanaruka.

Tukaijaribu mchana kutwa. Aliingiza kadi tatu za majaribio: yake, ya mkewe, na ya paka. Anaita yake, tunakunywa chai. Anaita ya mkewe, tunajaziana vikombe. Anaita ya paka, paka haji. Ilisema vizuri, maneno yote yanaeleweka, na hata mimi nikatikisa kichwa kwamba sawa. Kosa lilikuwa limeketi pale mezani pamoja nasi, linakunywa chai, na hakuna aliyelitambua.

Ijumaa nikavaa gauni langu la mikutano nikawahi kliniki. Kabla ya wote. Wapo wanaosema nilikuwa wa tano, hao wanajua wenyewe. Honi alikuwa ameshatundika spika ukutani, waya ameupitisha nyuma ya lile kabati la chuma la faili na kuubana kwa utepe wa gundi, ili asije mtu akaukanyaga na kuchomoa. Daktari mkuu akatoka ofisini akasimama kando ya dirisha, mikono kifuani. Mabenchi yamejaa hadi getini. Habari ilishaenea kwamba Honi leo anaita kwa kompyuta, na nadhani nusu ya waliokuja hawakuwa wanaumwa.

Honi akavuta pumzi. Hapo ndipo mazoea yalipomponza. Mdomo ulinyamaza, lakini vidole vikafanya kile mdomo ulichofanya miaka ishirini na miwili: watano kwa pumzi moja. Akabonyeza ITA, akashuka mstari, ITA, akashuka, ITA, ITA, ITA.

Na ile programu kama alivyoifundisha ilituma, haikungoja. Ikatuma tena, haikungoja. Wakatoka kwenye ile spika wanawake watano walioziba pua, sauti moja ileile, wote wanasema kwa wakati mmoja.

Sijui niieleze vipi. Ni kama mtu anagombana na nafsi zake nne. Namba zikapandana juu ya namba. Seremala aliyekuwa pembeni yangu akasimama, akaketi, akasimama tena akauliza nani kamtaja. Mtoto aliyekuwa akilia tangu asubuhi akanyamaza asikilize. Mzee mmoja benchi la nyuma akasema kwa utulivu kwamba wakimaliza kikao watuambie.

Daktari mkuu akamwambia Honi azime. Honi akaifunga programu yake. Naam, nilikuwa karibu, niliiona inapotea kwenye skrini, imefungika kabisa. Sauti zikaendelea. Waliotumwa walishatumwa. Aliyewatuma kafutika, wao wako njiani na ujumbe wao na hawana habari naye. Honi akaruka kwenye waya. Waya uko nyuma ya kabati alilolisogeza yeye na mlinzi, watu wawili, na sasa yuko peke yake.

Sasa msikilize. Wale watano hawakuwa na ujumbe wa urefu mmoja. Kwa kuwa programu ilichukua mstari wa kadi wote, haikuchukua namba na sifa peke yake. Ilichukua na yale maneno ya Honi ya kujikumbusha. Zile kadi tatu za mezani kwangu hazikuwa na maneno hayo. Hizi za kliniki zilikuwa nayo, ya miaka na miaka.

Mwenye maneno machache akamaliza kwanza akanyamaza, wakabaki wanne. Kelele ikapungua kidogo. Akanyamaza wa pili. Hapo tukaanza kushika neno huku na neno kule, na tukasikia, "mama wa mapacha, mpitishe mbele, wengine wasijue." Wengine wakageuka wote kumtazama mama wa mapacha, naye akawa anatazama dari. Akanyamaza huyo. Wakabaki wawili, na mmoja akamaliza kwa kusema "akiona sindano huzimia, asimame karibu na ukuta," na mpiga picha, lijitu refu lenye kifua, akashusha kofia usoni.

Akabaki mmoja, mwenye ujumbe mrefu kuliko wote. Ile sauti ikasema peke yake, polepole, kwa mwendo uliopunguzwa kwa ajili ya wazee:

"Huyu mama mkwe usibishane naye, mpe kiti cha mbele. Vidonge vya presha havimezi, huvificha chini ya mto, binti yake kaona. Akija tena, mwambie daktari kabla hajaingia. Asijue nimesema. Akikaa na njaa huwa mkali, biskuti ziko droo ya pili."

Kisha ikakata.

Mabenchi yote, hadi getini, yananitazama mimi. Honi nyuma ya kabati, amelikumbatia, amekuwa rangi ya majivu. Mimi nikasimama, nikanyoosha gauni langu. Uongo siuvumilii, hata ukisemwa na mashine.

"Si chini ya mto," nikasema. "Ni kwenye kopo la vifungo."

Seremala ndiye aliyeanza kucheka, na hakucheka peke yake. Daktari mkuu hakucheka. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Bibi, wewe unaanza. Ingia." Nikapimwa presha mbele yake, akaisoma namba mara mbili, akaniuliza kopo lina vidonge vingapi. Nikasema sikuvihesabu. Akaleta glasi ya maji na kidonge, akakaa kuniangalia hadi koo lilipopanda na kushuka. Nilivificha kwa sababu vinanikojosha mara nne usiku na choo kiko mbali, na hilo nikamwambia, na ajabu, alikuwa na aina nyingine. Miezi saba nimebishana na vidonge ambavyo vingebadilishwa kwa sentensi moja. Hilo sikulisema kwa sauti.

Nilipotoka, Honi alikuwa anapita benchi kwa benchi kuomba radhi, anainama sikioni mwa kila mtu maana sauti haifiki. Nilitazamia watamtukana. Wengine walinuna, mpiga picha hasa. Lakini wengi walikuwa wanamshika shati wamuulize: na mimi umeniandika nini? Mwalimu wa hesabu alipoambiwa kwamba kwenye kadi yake kumeandikwa hujifanya hasikii, aitwe mara mbili, aliuliza, "Umesemaje?"

Daktari mkuu akamwita Honi ofisini, mlango ukabaki wazi, nami sikuwa na haraka ya kuondoka. Akamwambia mambo ya wagonjwa hayatangazwi ukumbini, na kwa kosa hilo tu stoo ya mashuka ilikuwa inamwita. Honi akafungua orodha ili amwonyeshe palipoharibika, na daktari akaanza kusoma kwenye skrini, mstari kwa mstari. Alisoma muda mrefu. Mahali fulani akaweka kidole.

"Huyu haoni herufi," akasema. "Umeandika asomewe maelezo ya dawa mara mbili, na asijue umejua. Mimi nimegombana naye nusu mwaka nikidhani mkaidi. Tangu lini unajua?"

"Miaka tisa," Honi akasema.

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza, daktari. Hakuna anayemuuliza karani."

Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akampa hadi Jumatatu asubuhi. Maneno ya kujikumbusha yawe na mahali pake, daktari ayaone, spika isiyaone kamwe. Na sauti isizidi moja. Jumatatu ikiharibika hata kidogo, ufunguo wa stoo ataukuta mezani.

Jumamosi na Jumapili meza yangu haikuliwa chakula. Kwanza alikaa akatenganisha mistari elfu mbili na zaidi, binti yangu akimsomea: hili la kuita, hili la kukumbuka. Mstari wangu aliufikia akajifanya anakohoa. Kisha akashughulika na kutuma. Arudi kule kwa kwanza, programu ingoje, skrini itaganda. Aache isingoje, watasema wote pamoja. Alishika kichwa hadi saa nane mchana wa Jumapili, akapata la katikati: nyuma ya pazia la programu akaweka mtumishi mmoja ambaye kazi yake ni kungoja tu. Honi akibonyeza mara tano, kadi tano zinapanga foleni kwa huyo mtumishi. Anamtuma wa kwanza, anakaa hadi arudi, ndipo anamtuma wa pili. Sura ya mbele inabaki huru, Honi anafanya kazi zake.

Nikauliza huyo mtumishi atajuaje kama aliyetumwa kasema kweli, au kaishia njiani. Kwa mara ya kwanza alinitazama kama nimesema la maana. Akanionyesha kwamba kila programu ya giza ikimaliza hurudi na namba. Ikirudi na sifuri, mambo salama. Ikirudi na namba nyingine yoyote, kuna lililoharibika, na kadi inarudishwa kwenye foleni ikaitwe upya. Sifuri ndiyo kufaulu. Mimi darasa la watu wazima nilizipata sifuri nyingi sana na hakuna aliyenipigia makofi.

Safari hii hakujaribu na paka. Alichukua mistari mirefu kuliko yote, akabonyeza mara tano, mara kumi, akaifunga programu katikati aone, akaifungua, akaichokoza kila namna. Mke wake alilala kwenye kochi. Mimi nilikaa.

Jumatatu daktari mkuu alisimama palepale, mikono kifuani, na mabenchi yamejaa kuliko Ijumaa. Honi akavuta pumzi, akabonyeza watano. Sauti ikatoka moja. Namba themanini na nane, mama wa mapacha. Kimya kidogo. Namba kumi na mbili, mpiga picha. Kimya. Wakainuka mmoja mmoja wakaenda benchi la mlangoni, na mpiga picha akapita na kiti chake mwenyewe akakiweka ukutani, hakujali tena. Daktari mkuu akasikiliza watano, akasikiliza kumi, akasikiliza kumi na watano. Halafu akamwambia sista atafute mtu mwingine wa mashuka, akaingia kazini.

Honi alikuwa na mtu dirishani. Seremala alikuwa ameegemea pale na kiwiko, anataka kwenye kadi yake iandikwe kwamba shemeji yake ndiye mwenye makosa, na nyuma yake walishapanga wengine wanane, kila mmoja na lake la kuandikiwa. Honi akamvuta sikio karibu, akamnong'oneza kitu. Seremala akaondoka analalamika kwamba karani huyu tangu apoteze sauti amekuwa na kiburi. Honi akashusha mstari, akabonyeza ITA, na mwashi aliyekuwa benchi la getini kabisa akasikia, akainuka, akaja.